Kazi Ikipotea, Bili Inamwendea Nani?

Kila mara uchumi ukiyumba hapa Kenya, sentensi moja haikosi kwenye taarifa ya habari: waajiri wameombwa wasiwafute wafanyakazi. Wameombwa. Yaani kama vile unavyoomba jirani apunguze redio. Sasa mimi nimekaa nikajiuliza, hii tabia ya kuomba ilianza lini, na kabla ya kuomba tulikuwa tunafanya nini? Nikaanza kusoma. Kumbe tuna historia ndefu sana ya kujaribu kulinda kazi nyakati mbaya, na wengi wetu hatukufunzwa hata robo yake shuleni.

Tuanze 1921. Vita Kuu ya Kwanza imeisha, bei za mazao ya nje zimeanguka, na masetla wanalia. Suluhisho lao lilikuwa rahisi: wakakubaliana wapunguze mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Si kupunguza faida, si kuuza gari. Mshahara wa yule aliyekuwa analipwa kidogo tayari. Na wakati huohuo kodi ya nyumba na kichwa ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16. Kwa hivyo mtu anapata kidogo zaidi na anadaiwa zaidi. Hiyo ndiyo ilikuwa sera yetu ya kwanza ya soko la ajira wakati wa mdororo, kama unaweza kuiita sera.

Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu serikalini, ndiye aliyeigeuza hasira hiyo ikawa siasa. Tunamkumba Thuku kwenye vitabu kama mpigania uhuru, na ni sawa, lakini hebu kumbuka kilichowatoa watu nyumbani: mshahara uliokatwa, kodi na kipande. Walimkamata tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, Muthoni Nyanjiru akiwa mbele akiwakejeli wanaume kwa uoga wao, na polisi wakafyatua risasi. Watu zaidi ya 20 waliuawa, Muthoni akiwa mmoja wao. Kodi baadaye ikashushwa hadi shilingi 12. Watu walikufa, shilingi nne zikarudi.

Miaka ya 1930 dunia nzima iliporomoka tena, na safari hii serikali ya kikoloni ilionyesha kwamba inajua kuokoa watu ikitaka. Mwaka 1931 ikaanzisha Benki ya Ardhi ili wakulima wazungu wapate mikopo na wasipoteze mashamba. Na mfanyakazi Mwafrika? Aende kwao. Nataka ushike hilo neno, "kwao", kwa sababu ndilo limebeba hadithi yote. Wakoloni walikuwa na hesabu yao: Mwafrika mjini ni mgeni, ni kapera, mshahara wake ni wa kumlisha yeye peke yake. Mke, watoto, uzee, ugonjwa na siku za kukosa kazi, hizo gharama zitabebwa na shamba la nyumbani. Ilichukua hadi 1954 kwa kamati ya serikali yenyewe, ile iliyoongozwa na Carpenter, kukiri kwamba mshahara unafaa kutosha familia. Kwa maneno mengine, bima ya ukosefu wa kazi ya Kenya ilikuwa ushago. Mwajiri hakuchangia hata senti na serikali haikuchangia chochote.

Sasa njoo 1964, sehemu ninayoipenda zaidi.

Uhuru umekuja Desemba 1963. Furaha tele, lakini uchumi uko hoi. Wenye pesa walikuwa wameanza kuzihamisha kabla bendera haijapanda, masetla wengi wanauza na kuondoka, na idadi ya watu walioajiriwa ilikuwa imeshuka tangu mwanzo wa miaka ya 60. Watu waliokuwa wamepigania uhuru wanauliza: kazi ziko wapi? Serikali ya Kenyatta haikuomba. Iliita kikao. Mezani walikaa watu watatu: serikali yenyewe, waajiri kupitia shirikisho lao la FKE, na vyama vya wafanyakazi. Februari 1964 wakatia saini kile kinachojulikana kama Mkataba wa Pande Tatu.

Masharti yalikuwa hivi. Waajiri wa kibinafsi waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10. Serikali iongeze kwa asilimia 15. Nao wafanyakazi, kwa upande wao, wakubali kukaa mwaka mzima bila nyongeza ya mshahara na bila mgomo. Mwaka huohuo ikaundwa Mahakama ya Viwanda ya kuamua migogoro, ile ambayo siku hizi tunaiita Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ukipita Milimani ukaona watu wamesimama pale na faili zao, ujue mizizi ya mahakama hiyo iko kwenye mwaka huo wa dhiki.

Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilisema wah, hii ni akili. Badala ya kila mtu kuvuta kamba upande wake, walikaa wakagawana maumivu. Lakini hebu iangalie tena polepole. Nani alitoa nini? Mfanyakazi alitoa nyongeza yake na silaha yake pekee, mgomo, kwa miezi 12 kamili. Hiyo ilianza kuhesabiwa siku ileile. Mwajiri alitoa ahadi. Na mwaka ukiisha, hakuna kilichomzuia kuacha idadi ishuke polepole: huyu amestaafu, yule ameacha, nafasi haijazwi. Hakuna aliyefutwa, lakini ile asilimia 10 imeyeyuka. Ndiyo maana nasema hata hapo bili ilimwendea mfanyakazi, ila safari hii aliilipa akiimba Harambee.

Halafu kukatokea jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelipigia hesabu. Serikali iliposema wasio na kazi wajiandikishe, watu zaidi ya 200,000 walijitokeza. Nafasi zilizopatikana zilikuwa sehemu ndogo tu ya hiyo foleni. Habari zilikuwa zimefika vijijini kwamba Nairobi kuna kazi, na watu wakapanda basi. Wachumi wawili Wamarekani, John Harris na Michael Todaro, waliiangalia Kenya ya wakati huo na mwaka 1970 wakachapisha makala ambayo mpaka leo kila mwanafunzi wa uchumi duniani anaisoma. Hoja yao, kwa lugha ya mtaa, ni hii: mtu haji mjini kwa sababu amehakikishiwa kazi. Anakuja kwa sababu amepiga hesabu ya bahati nasibu. Tuseme ushago unapata shilingi 40 kwa mwezi na mjini mshahara ni 120. Hata kama nafasi yako ya kupata kazi mjini ni nusu kwa nusu, bahati yako ina thamani ya 60. Unafunga virago. Sasa serikali ikiongeza nafasi mjini bila kugusa kijiji, inaongeza bahati, na watu wanakuja wengi kuliko nafasi zilizoongezwa. Unaweza kutengeneza kazi na ukaongeza wasio na kazi siku hiyohiyo.

Hii nadharia imetumika vibaya sana, acha niseme ukweli. Kuna watu waliichukua wakasema basi serikali isifanye lolote mjini, iwaache tu. Sikubaliani. Kile 1964 inatuonyesha ni kwamba amri ya kuongeza watu kwa asilimia fulani haimlindi yeyote baada ya tarehe ya mwisho ya amri. Watu waliokuja kwa basi hawakuwa wajinga. Walikuwa wanajua kwamba aliye ndani amelindwa na aliye nje hana chochote, kwa hivyo ni heri usogee karibu na mlango.

Na unadhani tuliacha? Mwaka 1970 tukafanya mkataba mwingine wa pande tatu. Asilimia 10 tena, mishahara ikae tena, foleni ikarudi tena. Mwaka 1979, Moi akiwa ndiyo ameingia, tukafanya wa tatu. Dawa ileile, ugonjwa uleule.

Katikati ya hiyo mikataba, mwaka 1972, Shirika la Kazi Duniani lilileta wataalamu wake Kenya, na ripoti yao ikasema jambo ambalo mama mboga yeyote angewaambia bure: tatizo la Kenya si wasio na kazi tu, ni watu wanaofanya kazi mchana kutwa na bado ni maskini. Ripoti hiyo ndiyo iliyofanya dunia nzima ianze kuzungumza kuhusu sekta isiyo rasmi. Sisi tuliipa jina zuri zaidi, jua kali. Fundi wa Gikomba, muuza mitumba, mtu wa mjengo. Mkataba wa pande tatu haukuwa na kiti chao. Walikuwa pande ya nne, na pande ya nne haikualikwa.

Miaka ya 1990 nitaipitia haraka kwa sababu inaniudhi. Wakopeshaji wa nje walisema serikali ina watu wengi mno, sheria zikalegezwa ili mwajiri apunguze watu kwa urahisi zaidi, na mpango wa kustaafu mapema kwa hiari ukaanza serikalini. Hiari iliwalenga hasa wa ngazi za chini: matarishi, makarani, madereva. Viwanda kama KICOMI kule Kisumu na Rivatex kule Eldoret vikafunga milango muongo huo na mwanzo wa uliofuata. Muulize mzazi wako kuhusu mtu waliyemjua aliyepewa kitita cha kwaheri, akanunua matatu, na matatu ikafa kabla ya mwaka kuisha. Kila familia ina mmoja. Walipewa pesa mara moja wakaambiwa wawe wafanyabiashara kufikia Jumatatu.

Nchi nyingine zilikuwa zinafanya nini? Nitachagua Ujerumani, kwa sababu wao hawakuagiza waajiri waongeze watu. Walijiuliza swali tofauti: kiwanda kikikosa oda kwa miezi minane, nani alipie hiyo miezi? Mpango wao unaitwa Kurzarbeit, maana yake kazi fupi, na mizizi yake inafika 1910. Unafanya hivi. Badala ya kufuta watu 50 kati ya 100, kampuni inawaweka wote 100 wakifanya nusu ya saa zao. Kampuni inalipa saa zilizofanywa. Kwa zile zilizopotea, shirika la ajira la serikali linamlipa mfanyakazi asilimia 60 ya mshahara wa mkononi aliopoteza, na asilimia 67 kama ana watoto. Pesa hizo zinatoka kwenye mfuko ambao mwajiri na mfanyakazi wamekuwa wakichangia kila mwezi, miaka yote mizuri.

Mwaka 2009 uchumi wa Ujerumani ulianguka kwa zaidi ya asilimia 5. Ni pigo kubwa kuliko letu la 2020. Watu wapatao milioni 1.5 waliingia kwenye kazi fupi, na ukosefu wa kazi ukapanda kidogo tu, ukabaki karibu palepale. Oda ziliporudi, fundi alikuwa bado yuko kwenye mashine yake. Hakuna haja ya kutangaza nafasi, hakuna kufundisha mtu mpya. Aprili 2020 wakaurudia mpango huo kwa watu karibu milioni 6.

Lakini usije ukadhani Ujerumani ni mbinguni. Kule kuna kazi ndogondogo wanaziita mini-job: kuosha vyombo hotelini, kusaidia dukani saa chache. Hao hawachangii mfuko wa bima hiyo, kwa hivyo 2020 hoteli zilipofungwa hawakupata hata senti ya kazi fupi. Hata huko kuna jua kali, na hata huko iliachwa nje.

Sasa sisi na 2020. Hapa ndipo nilikuwa nataka tufike.

Korona ilipoingia, serikali ilipunguza kodi. Aliyepata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi akaondolewa PAYE kabisa, kiwango cha juu kikashuka kutoka asilimia 30 hadi 25, na VAT kutoka 16 hadi 14. Tulishangilia, na nakumbuka watu mtandaoni wakionyeshana tofauti ya mshahara. Lakini tafakari: nafuu ya PAYE inamfaidi nani? Mtu ambaye bado ana mshahara. Yule aliyetumwa nyumbani likizo bila malipo, asilimia 100 ya nafuu ya sifuri ni sifuri. Na aliyekuwa anapata pesa nyingi zaidi na hakupoteza kazi, huyo ndiye aliyebaki na pesa nyingi zaidi mfukoni. Ilikuwa sera ya kumshika mkono mtu ambaye hajaanguka.

Pande zilezile tatu, wizara, FKE na COTU, zilikaa tena mwanzoni mwa janga zikatia saini makubaliano kwamba kufuta watu liwe jambo la mwisho, watu wazungumze kwanza kuhusu likizo na kupunguza mishahara. Nia nzuri. Ila mezani hapakuwa na mfuko. Mjerumani akizungumza kuhusu saa zilizopotea, kuna mtu wa tatu anayezilipia. Sisi tulikuwa na mwajiri asiye na pesa na mfanyakazi asiye na pesa wakielewana kwa upole kuhusu nani ataumia. Ukishindwa kuelewana, kulikuwa na Sheria ya Ajira ya 2007: notisi ya angalau mwezi mmoja, na fidia isiyopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliotumikia. Mtu wa miaka minne kazini anaondoka na malipo ya miezi miwili. Hiyo kama mwajiri ameamua kufuata sheria.

Kisha kukawa na Kazi Mtaani. Kuna watu wanaidharau, eti vijana kufagia mitaro. Mimi siidharau. Vijana zaidi ya 200,000 kwenye awamu ya pili, shilingi 455 kwa siku, pesa ikiingia kwenye simu. Kwa mara ya kwanza katika hadithi hii yote, ile pande ya nne ilipata kitu. Kilichonikera ni kwamba ilikuwa ya muda. Ilikuja kama zawadi na ikaondoka kama zawadi, na hakuna mahali popote ambapo jina la kijana liliachwa likiwa limeandikwa kwamba huyu ni mfanyakazi na ana haki fulani.

Na kile kitu kilichoniuma zaidi. Tarehe 6 Aprili 2020 Nairobi ilifungwa, hakuna kuingia hakuna kutoka, na ikakaa hivyo hadi mwanzo wa Julai. Mombasa, Kilifi na Kwale nazo zikafungwa. Sisemi ilikuwa makosa kiafya. Ila rudi kwenye lile neno la miaka ya 1930, "kwao". Kwa karibu miaka mia moja mpango wetu wa kumtunza mtu aliyepoteza kazi ulikuwa ni nauli ya kwenda ushago. Mwezi ule kazi zilipoisha, barabara nayo ilikuwa na polisi. Watu walijaribu kupita njia za panya usiku na watoto mgongoni. Bima pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa imefungwa na kizuizi.

Takwimu za KNBS zilipotoka mwaka uliofuata zilionyesha kazi zaidi ya 700,000 zimepotea 2020. Karibu kazi 83 kati ya kila 100 zilizobaki, ukiacha kilimo kidogo, zilikuwa za jua kali. Kwa hivyo mtu akikwambia sera za kulinda kazi, muulize kwanza: za wale 17 ama za wale 83?

Najua jibu la haraka: sisi si Ujerumani, hatuna hizo pesa. Sawa, basi tutoke Ulaya. Afrika Kusini wana mfuko wa bima ya ukosefu wa kazi, UIF. Mfanyakazi anachangia asilimia 1, mwajiri asilimia 1. Tangu 2003 hata wafanyakazi wa nyumbani wako ndani. Mama wa kazi za nyumbani ni mchangiaji, jina lake liko kwenye daftari. Mwaka 2020 walitumia mfuko huohuo kulipa mishahara ya watu waliosimamishwa, zaidi ya randi bilioni 50. Kulikuwa na uchafu, ndiyo. Malipo yalichelewa, na mkaguzi mkuu wao akakuta pesa zimelipwa kwa watu waliokufa na wengine walio jela. Sisi Wakenya hatuwezi kucheka hapo, tunajijua. Ila waliibiwa kwa sababu walikuwa na kitu cha kuibiwa, na mamilioni wengine walilipwa.

Na kuhusu pesa. Siku hizi ukiajiriwa Kenya unakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri anaongeza 1.5 nyingine. Jumla 3. Unajua Mjerumani anakatwa ngapi kwa bima nzima ya ukosefu wa kazi, ile inayolipa kazi fupi na pia inayomlipa mtu akifutwa kabisa? Tangu 2023 ni asilimia 2.6, yeye nusu na mwajiri nusu. Yaani 1.3 kila mmoja.

Sisemi nyumba ni mbaya. Nasema mfumo wa kukata upo, kompyuta zipo, KRA wanajua kukusanya, na M-Pesa inafika hadi kwa kijana wa mtaroni, kwa sababu Kazi Mtaani ilitumia njia hiyohiyo. Kitu ambacho hakipo ni mstari mmoja kwenye hati yako ya mshahara unaosema hizi ni za siku utakayokosa kazi.